Kutoka Lubumbashi kwenda kwenye theluji: ogopa jasho kabla ya kuogopa baridi

Mtu wa Lubumbashi hakubali kuambiwa kwamba hajui baridi. Mwezi wa sita na wa saba, usiku joto hushuka chini ya digrii 10, na asubuhi soko la Kenya, kata ya mji huu, limejaa watu waliojifunika hadi masikio. Kwa hiyo anayepata safari ya Montréal au Winnipeg, huko Canada, huona ni baridi ile ile, ila imeongezwa. Naye anaongeza nguo: tisheti tatu, sweta mbili, koti juu. Hapo ndipo anapokosea. Ndani ya basi lenye joto analowa jasho. Akishuka kituoni kwenye digrii 20 chini ya sifuri, jasho lile linapoa mgongoni, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Aliyevaa nguo tatu zinazofaa na yuko mkavu atasimama kituoni muda mrefu kuliko aliyevaa saba na amelowa.

Nguo ya kwanza, inayogusa ngozi, kazi yake ni kuondoa jasho. Iwe ya sufu nyembamba au poliesta ya michezo, mikono mirefu, na suruali yake ya ndani. Pamba iache nyumbani. Ni nzuri kwa jua letu, lakini ikilowa inakaa na maji na haikauki mwilini. Ya pili hushika hewa ya joto: sweta ya sufu au ya manyoya ya poliesta, isiyobana. Joto lenyewe linatoka mwilini mwako, na hewa iliyokaa katikati ya nguo ndiyo inayolizuia lisikimbie. Ukibana nguo, umeifukuza hewa hiyo. Ya tatu ni koti la kuzuia upepo, lifike mapajani, liwe na kofia yake na mikono inayofunga vizuri kwenye kifundo cha mkono.

Namna ya kuvaa nguo hizi inashinda hata ubora wake. Vaa koti dakika ya mwisho, ukiwa mlangoni. Ukitoka na kusikia kabaridi kidogo dakika tano za kwanza, umevaa sawa. Ukisikia raha tangu hatua ya kwanza, baada ya robo saa ya kutembea utalowa. Ukiingia kwenye basi au duka, vua kofia na fungua zipu kabla hujasikia joto, si baada yake.

Miguu inataka uangalifu wa pekee, maana huko ndiko watu wetu wanakoumia zaidi. Kosa la kawaida ni kuvaa soksi tatu ndani ya kiatu cha saizi ya kila siku. Mguu unabanwa, damu haifiki vidoleni, na kidole kisichofikiwa na damu hakina joto hata ukikifunga kwa kitu gani. Vaa soksi moja nene ya sufu, na bote iliyozidi saizi yako kwa namba moja. Ipime ukiwa umevaa soksi hiyo: vidole vyote vicheze, na mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole. Soli iwe nene, kwa sababu baridi ya ardhi hupanda kwa chini. Chagua bote yenye kitambaa cha ndani kinachotoka, ukitoe kila usiku kikauke. Kama hakitoki, jaza magazeti makavu ndani. Usiweke bote juu ya chombo cha joto, gundi italegea. Mguu hutoa jasho hata kwenye theluji, na bote ambayo haikukauka jana itakugandisha leo hata kama ilikugharimu mshahara wa mwezi.

Kwa mikono, glavu ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, zile zinazoitwa moufles, zina joto kuliko zile za kila kidole peke yake.

Je, ununue huku au kule? Sweta za sufu nunua huku. Tombola (nguo za mitumba) za Kadutu, kule Bukavu, na za soko la Kenya zina sufu nzuri kwa bei ndogo. Soma lebo, tafuta neno laine, yaani sufu kwa Kifaransa, na pitisha mkono ndani kutafuta matundu ya wadudu. Koti zito na bote ni afadhali kununua kule, kwenye maduka ya nguo zilizovaliwa, kwa sababu zilitengenezwa kwa baridi ya pale. Ukikuta koti la manyoya ya ndege kwenye tombola, linyooshe kwenye mwanga: sehemu inayopitisha mwanga imebaki tupu, na upepo utapita hapo. Libonye pia, lisipojaa tena, halina kazi.

Nguo za kutokea uwanja wa ndege zikae kwenye begi la mkononi, pamoja na kofia, glavu na soksi. Mzigo mkubwa unaweza kuchelewa siku mbili, na huwezi kuungoja kwenye theluji na viatu vya wazi.

Jifunze kusoma upepo. Simu ikionyesha digrii 20 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, mwili unapata kama 33 chini ya sifuri. Kuanzia 28 chini ya sifuri kwa hesabu hiyo ya upepo, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ikifika 40, ni dakika 5 hadi 10. Pua, masikio na mashavu hutangulia. Mafuta usoni husaidia ngozi isipasuke, ila hayazuii kuganda. Kinachozuia ni kitambaa. Vua hereni za chuma. Kina mama, kofia ya sufu hukata nywele, ishoneeni bitana ya satini. Na nywele zilizooshwa zikauke kabisa kabla ya kutoka.

Kuhusu nyumba, tunaomba hili lisikike vizuri. Mbabula ya makala (jiko la mkaa) isiwashwe ndani, hata umeme ukikatika, hata kwa dakika chache, hata ukifungua dirisha kidogo. Watu wa Goma wanajua mazuku, hewa isiyoonekana inayoua mtu akiwa shimoni. Moshi wa makala una gesi nyingine, monoksidi ya kaboni, nayo haina harufu wala haikai bondeni tu: inajaa chumba kizima, na nyumba za kule zimezibwa kila ufa. Kichwa kikiuma kwa watu wote wa nyumba wakati mmoja, tokeni nje kwanza, halafu pigeni simu. Canada na Marekani ni 911.

Barafu inayoangusha watu hutokea sana joto likizunguka sifuri, theluji ikiyeyuka mchana na kuganda usiku. Tembea kwa hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Simu iweke mfuko wa ndani, betri hufa haraka kwenye baridi.

Mwenye SS (ugonjwa wa selimundu) azingatie zaidi ya wote: baridi hubana mishipa na inaweza kuamsha maumivu. Anywe maji ya kutosha hata bila kiu, na atafute daktari wiki ya kwanza, asingoje kuugua. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha asibebe sepetu ya theluji kabla ya kumuuliza daktari wake.

Kidole kikifa ganzi na ngozi ikawa ngumu kama nta, usikisugue, wala usikipeleke kwenye moto. Kwenye ngozi yetu nyeusi weupe ule hauonekani vizuri kila mara, kwa hiyo gusa, usitegemee macho. Kitie kwenye maji ya digrii 37 hadi 39, mtu mwingine akiyapima kwa kiwiko chake, kwa dakika 15 hadi 30; kitauma sana, na ndivyo kinavyorudi. Kama utalazimika kutoka tena kwenye baridi kabla ya kufika hospitali, kiache kwanza, maana kidole kilichoyeyuka kikaganda mara ya pili huumia zaidi. Na mwenzako akitetemeka, kisha akaacha kutetemeka bila kupata joto, akaanza kusema maneno yasiyoshikana, usimpe pombe wala usimwache alale: mwingize ndani, mvue nguo zilizolowa, mfunike mwili na kichwa, na uite gari la wagonjwa.