Kachori za goli lililofutwa

Swali lenu la wiki hii ni fupi: timu yako ikifungwa nyumbani, kosa la nani? Nimelisoma kwenye simu nikiwa nakuna nazi ya chatne, nikajisemea hili wameniulizia mie. Nina meza ya urojo si mbali na Uwanja wa Amaan, hapa Unguja. Mpira ukichezwa, matokeo nayajua kwa bakuli. Timu ya watu ikishinda wanakula wamesimama, kelele mdomoni na kiazi mdomoni, wanaomba pilipili ya pili na chenji hawahesabu. Ikifungwa wanapita tu. Unamwita mtu unayemjua tangu skuli, anakutazama kama vile umemdai.

Siku ninayoijibia ni Jumapili ya 25 Mei 2025. Simba na RS Berkane ya Morocco, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, hapo hapo Amaan. Najua yupo msomaji atakayenikosoa kabla sijafika mbali: matokeo yalikuwa 1-1, Simba hakufungwa. Haya, aje awaambie waliopita mbele ya meza yangu magharibi ile. Kule Berkane wiki iliyotangulia tulikuwa tumeshalala 2-0, kwa hiyo hesabu ya jumla ikawa 3-1 na kombe likapanda ndege. Watu walitembea kama waliotoka mazikoni, na mtu aliyetoka mazikoni humwambii ni sare.

Mie ni Simba wa kurithi, nimeichukua kwa baba. Mume wangu ni Yanga. Tumeishi hivyo miaka yote kwa sharti moja, kwamba siku ya mechi hakuna kupakuliana chakula; kila mtu anajipakulia mwenyewe, asije mtu akasema ametiliwa chumvi makusudi.

Tiketi sikuwa nayo, na sikuitafuta. Fainali ya Afrika kwangu ni biashara kwanza. Tangu uwanja ufunguliwe upya Desemba 2023 tumeona mechi kubwa kubwa, lakini hii ilikuwa ya aina yake. Sisi Wazanzibari shirikisho letu la mpira liliingizwa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, kama mwanachama kamili Machi 2017, likatolewa Julai mwaka huo huo, hata ile furaha haijapoa. Klabu zetu zinacheza mashindano ya Afrika, ndiyo, ila mara nyingi zinaaga mapema. Kwa hiyo fainali ya Afrika kufika Amaan ilitufikia kwa mgongo wa Simba, na Simba mwenyewe alikuja kwa kuwa nyasi za Uwanja wa Mkapa kule Dar es Salaam zilikuwa na matatizo. Bahati ya mwenzio haikatazwi kuipokea. Nilichemsha viazi mara mbili ya siku zote, nikakanda kachori mpaka vidole vikawa vya manjano hadi Jumanne.

Sasa nikwambieni namna ninavyotazama mpira. Mbele yangu kuna duka lina televisheni, siku hiyo wanaume wamejazana mpaka barabarani, wengine wamekaa juu ya kreti za soda. Lakini picha ya televisheni inachelewa. Uwanja uko karibu, sauti inafika kwanza. Mnasikia mngurumo, mnaanza kurukaruka, halafu kwenye kioo mchezaji ndiyo kwanza anapokea pasi. Ni raha ya ajabu kumtazama kipa ambaye hajajua kuwa ameshafungwa.

Dakika ya 17 ukaja mngurumo wa kwanza. Sufuria la mafuta lilitikisika, siongezi chumvi. Baada ya sekunde kadhaa tukamwona Joshua Mutale anafunga. Bakuli zikatoka, na mkono wangu haukupumzika mpaka mapumziko. Wateja wangu wote wakawa makocha. Bado moja tu, mama, bado moja tu tusawazishe.

Kipindi cha pili mapema Yusuf Kagoma wa Simba akala kadi nyekundu. Hapo nilisikia uwanja unaguna, mguno mrefu wa watu elfu kumi na kitu, kama mtu mmoja mkubwa amejigonga kidole cha mguu. Wakabaki kumi. Lakini Mnyama, ndiyo Simba wetu huyo, akiwa kumi anakuwa mkali zaidi, hiyo ndiyo imani yetu, na baadaye mngurumo wa pili ukapasuka, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Steven Mukwala! Mbili bila, jumla mbili kwa mbili! Kioo kilikuwa bado hakijaonyesha kitu, lakini mie nilishapandwa na wazimu. Nikashika sinia la kachori nikawagawia watu bure. Bure kabisa. Kula baba, kula mwanangu, hata yule kijana wa Yanga aliyekuja kutucheka nikamtia kachori mkononi.

VAR, wale waamuzi wa video, ikalifuta goli. Kachori zimeshaliwa.

Nimeshaulizwa mara nyingi kwa nini sikuwadai. Utamdai vipi mtu ambaye yeye na wewe mmeibiwa pamoja? Sisemi refa aliiba, msininukuu vibaya. Nasema tulijisikia hivyo.

Halafu zile dakika za nyongeza. Katika miaka yangu ya kukaa pale nimezoea kuujua mpira kwa sauti, na sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ile iliyokuwa haipo. Uwanja uliokuwa unaimba ulinyamaza ghafla, kama umezimiwa umeme. Dukani tukatazamana. Hakuna aliyethubutu kusema neno, kwa sababu kioo kilikuwa bado kinatuonyesha Berkane wanakuja na mpira, na sisi sote tumeshajua. Mzee mmoja pembeni alifumba macho, akangoja sekunde zipite. Soumaïla Sidibé akafunga. Aliyeshangaa hakuwepo.

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wale wageni walikuja mwenyeji alazwe.

Watu wakaanza kutoka, adhana ya magharibi iko njiani. Nilikuwa na sufuria nusu la urojo. Hawakusimama. Mmoja akasimama, na huyo ndiye anayenifanya niwaandikie. Kijana wa makamo ya thelathini hivi, jezi nyekundu, mkoba mgongoni, lafudhi ya Bara. Akaagiza bakuli moja bila mishkaki, akalishika bila kula, akaniambia kwa upole kabisa: “Mama, uwanja wenu umetuponza.”

Nikamwambia, “Wetu?”

“Ndiyo. Kwa Mkapa hatoki mtu. Wangetuachia kwetu, hawa Waarabu wangelala tatu.”

Hoja alikuwa nayo, simdhulumu. Robo fainali ya mashindano hayo hayo, Simba alifungwa 2-0 na Al Masry kule Misri, wakarudi Mkapa, Simba akazirudisha zote mbili na kushinda kwa penalti. Mzigo ule ule wa mabao mawili. Na Mkapa unaingiza watu 60,000, Amaan ni kama robo yake. Ukiwa na mabao mawili ya kurudisha, kelele za watu 60,000 si kitu cha kudharau. Mpaka hapo ningeweza kunyamaza nikamwacha anywe urojo wake.

Lakini ule “wenu” ulinikaa kooni. Aprili, nusu fainali, Stellenbosch ya Afrika Kusini ililala wapi? Hapa. Jean Charles Ahoua alipiga faulo ikaingia, 1-0, kule kwao ikawa 0-0, na bao lile moja la Amaan ndilo lililompeleka Simba fainali. Siku ile kwa kijana huyu na wenzake uwanja ulikuwa wetu sote. Nilimuuliza hivyo hivyo: tuliposhinda uwanja ulikuwa wa nani, mwanangu?

Akacheka kidogo. Kicheko cha mtu mwenye njaa na msiba.

Nikamwongezea ya Yanga, ingawa ya Yanga siyo kawaida kuyasema mezani kwangu. Mwaka 2023, fainali ya kombe hili hili, USM Alger walikuja Mkapa kwenyewe, na watu wake wote, wakaondoka na 2-1. Yanga wakaenda Algiers wakashinda 1-0, haikuwasaidia kitu kwa sheria ya bao la ugenini: jumla ikiwa sare, anachukua aliyefunga mengi kwa mwenzake. Mume wangu mpaka leo ukimtajia Algeria anainuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa. Basi kule palikosekana nini? Nyasi? Watu?

Na kabla ya hapo kuna ya baba. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan, Ivory Coast. Mechi ya kwanza ugenini, 0-0. Kila mtu alijua kombe ni letu, kazi iliyobaki ni kwenda kulichukua Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Tukafungwa 2-0 nyumbani, Rais Ali Hassan Mwinyi yupo jukwaani. Baba aliisikiliza redioni, na mama alituhadithia kwamba mpira ulipokwisha hakuizima. Aliiacha ikaendelea na vipindi vingine, taarifa ya habari, salamu, muziki, hadi betri zikaisha. Nimeikumbuka redio ile nilipomwona yule mzee dukani amefumba macho.

Sasa jibu langu. Mwaka 1993 tulifungiwa nyumbani kweli, na hapo ukitaka kulaumu laumu. Mwaka 2025 tulifungwa Berkane, ndani ya dakika 14 za kwanza, mabao mawili kabla hata mtu hajakaa vizuri kwenye kiti. Amaan tulikuja kusomewa hukumu iliyokwisha kuandikwa. Ukikataa kuiona hiyo utamtafuta mchawi pahala pasipo uchawi: nyasi, VAR, Kagoma, idadi ya viti. Kagoma alikuwa akikimbia kwa sababu ya deni la Berkane, na timu yote ilikuwa imejiachia nyuma kwa sababu ya deni hilo hilo. Nani alaumiwe kwa zile dakika 14, hilo waulizeni wanaojua mambo ya mabeki. Mie najua urojo.

Ila na sisi mashabiki nina neno letu. Tunapenda sana kusema “nyumbani” kama vile nyumba inacheza mpira. Tunakwenda ugenini tumelegea, tunasema acha watufunge, tutamalizana kwetu. Mara moja ikitokea, kama ile ya Al Masry, tunaifanya kanuni. Siamini kwamba wachezaji hawayasikii maneno hayo.

Na kwa ndugu zetu wa Bara: mwisho wa mechi nyie mnapanda boti, mwendo wa saa mbili hivi mko Dar. Sie tunabaki na uwanja. Asubuhi yake nilipita pale kwenda sokoni, pametapakaa chupa za maji, na vuvuzela moja imekanyagwa katikati. Kijana anafagia. Si vizuri tukabakia na taka halafu na lawama juu.

Yule kijana tulimalizana vizuri. Alikula mpaka akainamisha bakuli kumalizia, akasema urojo wa Dar hauna embe kama huu, nikajua ameshaanza kupona. Akalipa, akanitaka radhi kwa ile “wenu”. Nikamwambia awahi bandarini.

Usiku nikarudi nyumbani na kachori ishirini na tatu zilizobaki. Mume wangu yuko sebuleni, televisheni ameizima, ananingoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yote ya Yanga. Akaniuliza tu kama nimekula. Halafu, kinyume cha sharti letu la miaka yote, akaingia jikoni, akanipakulia wali na mchuzi wa samaki, akaniwekea mbele yangu. Nikaonja.

Chumvi ilikuwa nyingi. Akaapa hakutia makusudi.