Uliza Kocha: Simu ikizima na miguu inazima

SWALI: Shikamoo kocha. Mi napiga jogi mara nne kwa wiki na siendi bila iafoni masikioni za kusikilizia muziki, yani nikishavaa viatu nikakuta simu haina chaji narudi zangu kulala. Shida ni mbili. Kwanza dakika kumi za mwanzo nakimbia kama nafukuzwa alafu pumzi inakata, iliyobaki yote natembea. Pili nimejiandikisha mbio za kilomita 10 na kuna mtu kaniambia huko iafoni haziruhusiwi, sa si ndo basi tena?

JIBU: Marahaba. Wimbo wako wa kwanza ni upi? Maana nahisi umeweka ule mkali kuliko zote ili ukutoe kitandani, na ndo huohuo unaokumaliza. Mwili haujapata moto, moyo haujakaa sawa, ila miguu inafata ngoma na we unajiona chuma kumbe uchovu upo palepale, muziki umeufunika tu.

Iko hivi. Ukikimbia ile kasi ya kuongea na mwenzio bila kuhema, akili ina nafasi ya kusikiliza wimbo kwahiyo malalamiko ya miguu haiyasikii sana na zoezi linakuwa jepesi. Ukishakaza mpaka sentensi haiishi, hapo ngoma bado inaweza kukupa mzuka lakini kupunguza maumivu sahau, mwili unapiga kelele kuliko iafoni.

Kwahiyo geuza mpangilio wa nyimbo. Mbili tatu za mwanzo ziwe za taratibu kabisa, hata zile za kukaa sebuleni, zile za moto zisogeze mbele kule ambako huwa unaanza kutembea. Alafu angalia mdundo. Siku moja hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa 4, hizo ndo hatua zako kwa dakika, ukipata 160 tafuta nyimbo za midundo 160 kwa dakika, au 80, hizo unakanyaga mara mbili kila mdundo. Wimbo wa 130 hivi ni mtamu sana kwenye baiskeli ya jimu ila kwa mkimbiaji unaweza kumvuruga hatua, labda kama we huwa hufati mdundo, wapo watu wa hivyo.

Haya sio mambo ya kufikirika. Mkimbiaji Haile Gebrselassie wa Ethiopia mwaka 1998 pale Birmingham, Uingereza, alivunja rekodi ya dunia ya mita 2000 za uwanja wa ndani kwa dakika 4 na sekunde 52.86 huku wimbo alioupenda unapigwa kwenye spika za uwanja, mdundo wake ulikuwa unaendana na hatua zake. Ila ona, ni spika za uwanja, kila aliyekuwa anakimbia alisikia. Sheria za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, zinakataza mwanariadha kuwa na kifaa cha muziki akiwa mashindanoni, inahesabika kama kusaidiwa. Mbio za barabarani za watu wengi, waandaaji wengine wanakaza kwa wanaogombea zawadi tu, wengine wanakataza wote, we soma masharti ya hizo zako usisikilize ya vijiweni.

Na hata wakiruhusu, mara moja kati ya hizo nne acha simu nyumbani. Anza na dakika 15, hesabu hatua, sikiliza unavyohema. Wiki ya kwanza utaboreka vibaya mno, sikudanganyi, na pengine utaimba mwenyewe kimoyomoyo, imba tu, hata hiyo inashika mdundo. Siku ya mbio utajua kasi yako bila kuambiwa na mtu.

SWALI: Kocha mambo, mi naweka sauti mpaka mwisho ndo napata mzuka, mke wangu anasema ntakuwa kiziwi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Shemeji yuko sahihi. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) usizidishe saa 40 kwa wiki, na kila ikipanda desibeli 3 muda huo unakatika nusu, sasa piga hesabu mwenyewe ukiifikisha 95 unabaki na saa ngapi. Masikio yakivuma baada ya zoezi ujue ulizidisha. Mzuka utafute kwenye mdundo, na kama unakimbilia barabarani toa iafoni moja, ya upande magari yanakotokea, pikipiki haikusubiri umalize kiitikio.