Kabla ya Kununua Seva ya CDR, Hesabu Rekodi Zako

Msomaji mmoja wa hapa Nairobi ameniandikia: kampuni yao ya simu inapokea CDR (rekodi za kila simu iliyopigwa, zinazotumika kutoza bili) milioni 20 kwa siku, bosi ameshatoa pesa, je, terabaiti 10 zitatosha? Ndugu yangu, umeanzia mwisho.

Anza na rekodi moja. Usipime faili ghafi la swichi (mtambo unaounganisha simu), maana limefumbwa na ni dogo. Rekodi ikishafumbuliwa na kuingia kwenye databesi hunenepa. Ingiza rekodi milioni moja kwenye jedwali la majaribio, kisha gawanya ukubwa wa jedwali kwa milioni moja. Tuseme umepata baiti 400. Hiyo ni gigabaiti 8 kwa siku, na 720 kwa siku 90 ambazo watu wa bili na huduma kwa wateja huzihitaji karibu. Indeksi (orodha za kutafutia haraka) za mpigaji, mpigiwa na saa zinaweza kula kiasi kilekile: 1,440. Ongeza asilimia 30 ya wateja wapya, halafu acha asilimia 30 ya nafasi wazi, kwa kuwa kujenga upya indeksi kunahitaji uwanja. Unafika terabaiti 2.7 hivi. SSD (diski zisizozunguka) nne za terabaiti 1.92 kwenye RAID 10, mpangilio unaoweka kila data kwenye diski mbili, zinakupa 3.84 (mfumo utakuonyesha 3.49 kwa sababu unahesabu kwa 1,024, usimgombeze muuzaji). Ya tano ikae ndani ya seva ikisubiri mwenzake afe. Hizo terabaiti kumi zilikuwa za nini?

Kinachoua mifumo ya bili ni kasi, si nafasi. Saa yenye simu nyingi ikibeba asilimia 10 ya siku, ni rekodi 556 kwa sekunde. Ukinunua uwezo wa 556 kamili, siku mtambo ukilala kwa muda wa saa sita foleni haitapungua sana mpaka watu walale. Panga mara nne. Diski ya kuzunguka ya 7,200 hufanya kazi kama 80 za huku na huko kwa sekunde. Nane ni 640, lakini kwenye RAID 5 (mpangilio unaolinda data kwa hesabu ya ziada badala ya nakala) kila andiko dogo ni kazi nne, kwa hiyo unabaki na 160. Halafu watu wanailaumu databesi! Na hata kwenye SSD, thibitisha rekodi (commit) kwa mafungu ya elfu moja au zaidi, si mojamoja.

Prosesa ni nadra kuwa tatizo. Memori iwe na nafasi ya bei zote na indeksi za leo.

Stima ndiyo ya kuogopa. Chagua SSD zenye kapasita za kulinda data umeme unapokatika. Bila hizo, diski inaweza kusema imeandika kumbe bado. Uvumilivu wa kuandika diski nzima mara moja kwa siku unakutosha kabisa, usilipie mara tatu. Na diski za kompyuta za nyumbani kutoka Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, ziache huko: ikikutana na sehemu mbovu hung'ang'ana nayo muda mrefu, kidhibiti cha RAID kikadhani imekufa na kuitoa.

Faili za swichi nazo zina mtego wake. Kwa kawaida ext4, mfumo wa faili wa Linux, hutenga inodi moja (nafasi ya kusajili faili moja) kwa kila kilobaiti 16. Ukijaza faili za kilobaiti 5, kila moja itachukua vipande viwili vya kilobaiti 4, na inodi zitaisha diski ikiwa bado na nusu hivi wazi. Tazama amri ya df -i inayoonyesha inodi, si df ya nafasi peke yake.

Gawa jedwali kwa siku. Siku ya 91 ibanwe iende kwenye kumbukumbu, kisha udondoshe kipande kizima; kufuta mstari kwa mstari milioni 20 ni kujitesa. Muda wa kumbukumbu muulize mwanasheria, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hairuhusu kukaa na data za watu muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Kabla ya kusaini upokezi, ingiza rekodi 2,200 kwa sekunde, kisha chomoa diski moja kwa mkono. Andika kasi imeshuka hadi ngapi, na ile ya tano imechukua muda gani kujazwa data za iliyochomolewa.