Jibu: Maziwa ya soya kukatika kwenye chai

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini maziwa ya soya yanakatika kwenye chai, na sisi wengine tunatumia yapi. Soya haipatani na moto mkali wala uchachu. Majani ya chai yana uchachu kidogo, ukiongeza tangawizi mbichi ndiyo kabisa: protini inagandana, unabaki na vipande vinaelea. Kwa hiyo usiyachemshe pamoja na majani. Pika chai ya rangi, epua, iache dakika mbili tatu, pasha soya pembeni yawe vuguvugu, kisha mimina chai taratibu juu ya maziwa.

Mimi binafsi ni wa maziwa ya ng'ombe, nusu kwa nusu na maji, yapande mara mbili na hiliki. Hapo sina mjadala! Ila mke wangu tumbo lake halitaki, kwa hiyo kwetu kuna sufuria mbili. Tui la nazi tulilijaribu: mafuta yanaelea juu na ladha ya majani inapotea. Libaki kwenye maharage.

Halafu, kabla hujayaacha kabisa maziwa ya ng'ombe, hakikisha kinachokusumbua ni nini. Kama ni laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, yapo maziwa ya ng'ombe ambayo laktosi yake imeshavunjwa. Mke wangu ndiyo anayotumia sasa. Yana utamu zaidi, punguza sukari. Lakini kama una mzio wa protini ya maziwa, hayo usiyaguse, endelea na soya yako.