Video ya droni: inasafishwa, inahaririwa au inakolezwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Napiga video za harusi hapa Tanga, na tangu mwaka jana narusha droni pia. Mwezi uliopita nilimtumia baba wa bibi harusi ujumbe huu: "Shikamoo mzee. Video ya droni imetoka chafu kidogo, naisafisha, Ijumaa nitakuletea." Hazikupita dakika mbili akanipigia simu kwa ukali: "Chafu vipi? Mwanangu yumo humo!" Ilibidi niende nyumbani kwake na laptopu kumwonyesha kwamba nilikuwa nazungumzia rangi tu. Neno sahihi ni lipi: kusafisha, kuediti, kuhariri au kuboresha muonekano? Na hiki chombo tukiite droni au ndege nyuki? Nimekuambatishia kipande kidogo uone mwenyewe. – Mpiga video, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole, lakini mzee wa watu simlaumu. "Picha chafu" na "video chafu" zimeshapata maana yake mitaani, nayo si ya vumbi wala ukungu: ni picha za utupu. Ukimwambia mzazi kwamba video ya harusi ya binti yake ni chafu, halafu ukaongeza kwamba utaisafisha, umemwambia kuna kitu humo kinachohitaji kufichwa. Kuanzia hapo hata ungeeleza vipi, asingekusikia.

Ajabu ni kwamba kusafisha ni neno la zamani la kazi yenu. Enzi za filamu tulipeleka "kusafisha picha", na wengine walisema "kuosha picha", kwa sababu filamu ilipitishwa kwenye dawa kisha ikaoshwa kwa maji, ndani ya chumba cha giza. Hakuna aliyedhani picha zenyewe ni chafu. Nikiwa kijana niliwahi kusubiri siku tatu mbele ya pazia jeusi la studio moja ya mtaani, mwisho nikaambiwa, "Zimeungua." Filamu ilikuwa imeingiwa na mwanga. Sikulipwa wala sikuombwa radhi, ila neno lile nililishika, na utaliona tena huko chini. Dawa na maji vilipoondoka, kusafisha kulibaki bila kitu cha kuosha, na jirani yake, uchafu, akaja kukaa karibu zaidi.

Kuediti nako kuna doa lake. Vijana wakisema "hiyo picha imeeditiwa" mara nyingi wanamaanisha imeghushiwa: mtu kawekwa pembeni ya gari lisilo lake, au jengo limeongezwa ghorofa. Ni jirani wa kuchakachua, neno lililovuma Tanzania kwenye petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Ukiwa na wenzako wa kazi sema kuediti upendavyo, mnaelewana. Kwa mteja, hasa mtu mzima, liache.

Kuhariri ndilo neno pana lisilo na doa. Wapo wanaosimulia kwamba limetokana na kitambaa cha hariri, kwamba mhariri hulainisha kazi mpaka iteleze kama hariri. Simulizi tamu, ila si hivyo. Kitenzi chetu kinatokana na Kiarabu harrara, kusanifu maandishi kwa uangalifu, na kitenzi hichohicho kina maana ya kumwacha mtu huru. Ndiyo maana tahariri ya gazeti lako na uwanja wa Tahrir wa Cairo, uwanja wa ukombozi, ni neno moja. Kuhariri kulianza kwenye maandishi kukahamia kwenye sauti na picha bila shida yoyote: unakata, unaunganisha, unapanga, unaondoa. Mhariri wa video haulizwi na mtu kwa nini anaitwa mhariri.

Kuboresha sina ugomvi nalo, ila halisemi kitu. Ni neno la hotuba na mabango: tunaboresha huduma, tunaboresha barabara, mwaka unapita. Mteja akisikia "naboresha mwonekano" hajui una kazi ya saa moja au ya wiki nzima. Na hapohapo, andika mwonekano, usiandike muonekano. Ni kama mwongozo na mwongo: u ikikutana na o hapo hugeuka w. Makosa haya yamejaa hadi kwenye mabango ya saluni.

Sasa tuje kwenye kipande chako, maana ushauri wangu uko humo. Usitafute neno moja la kufunika kazi yote. Itaje hali ya picha, na kitenzi cha kuirekebisha kitakuja chenyewe.

Droni inatoka nchi kavu kwenda baharini, jua la saa sita liko utosini. Bahari ni ya kijivujivu na mchanga umefanana na saruji. Hapo picha imepauka. Ni neno la ngozi isiyopakwa mafuta na la majani yaliyokosa maji, na watu wote wanalijua. Wewe na mimi tunajua pia kwamba kwenye droni kupauka mara nyingi ni kwa makusudi. Ukichagua mfumo kama D-Log wa droni za DJI, kamera hurekodi picha iliyofifia ili ihifadhi mengi zaidi kwenye mwanga mkali na kwenye vivuli, rangi zirudishwe baadaye mezani. Mteja akiiona kabla hujaigusa ataamini umemharibia harusi. Mwambie, "Imepauka kwa sasa, rangi bado sijaikoleza," naye atatulia, kwa sababu kupauka ni hali inayotibika.

Kukoleza ndicho kitenzi chako kikuu, na nashangaa jinsi mafundi wa video wanavyokikwepa. Chumvi hukolea, moto hukolea, chai hukolea, na mshona nguo atakuambia anataka kijani kilichokolea. Kina hata kipimo ndani yake, kwani kila mpishi anajua kuna kukolea na kuna kuzidi. Ukizidisha bluu ya anga kwenye video iliyorekodiwa kwa biti 8, yenye ngazi 256 tu kwa kila rangi, anga inajichora matabaka kama ngazi za zege. Kwa biti 10 ngazi ni 1,024, unapata nafasi ya kukoleza zaidi kabla matabaka hayajajitokeza. Usichanganye kukoleza na kuchuja, lakini. Kuchuja ni kwa kichujio, kile kioo cheusi mnachokifunga mbele ya lenzi kupunguza mwanga, na ni pia kwa khanga inayomwaga rangi kwenye beseni. Fundi aliyemwandikia mteja "nimechuja rangi" alimaanisha ameweka kichujio. Mteja alielewa video imeshachujuka.

Kabla ya kukoleza kuna kurekebisha rangi, yaani kuirudisha kwenye ukweli wake: shela liwe jeupe lisiwe na manjano, ngozi ya mtu iwe ngozi ya mtu. Baada yake kuna kazi ya kuipa video yote sura moja, jioni iwe na udhahabu, bahari iwe na ukijani wake. Nyinyi mnaiita kugredi. Mimi ningesema kuremba, kwa sababu bibi harusi naye husafishwa uso kwanza, kisha ndipo hurembwa, na hakuna anayevichanganya. Mwenzangu mmoja anapinga. Anasema kuremba kunaleta picha ya maua na mioyo inayopepea pembeni mwa skrini. Ana hoja, maana mioyo hiyo tumeiona. Chagua wewe, lakini tofauti ya hatua hizo mbili uilinde.

Kwenye sekunde ya kumi na kitu inaingia hema ya wageni. Upande wa kulia ni nyeupe tupu, haina mkunjo, haina mshono, haina kamba. Hiyo haijapauka. Imeungua. Ndilo neno la kule kwenye pazia jeusi, na bado linafaa: mwanga ulizidi uwezo wa kamera, na pale ambapo hakikurekodiwa kitu hakuna programu itakayokirudisha. Wali uliopoa utaupasha, wali ulioungua hata ukiuongeza maji harufu haitoki. Kiswahili kimekutenganishia hali mbili zinazoonekana kama moja kwa asiyejua, zote mbili "nyeupe". Moja unaiahidi, nyingine unaiombea radhi.

Kisha upepo. Umeniandikia kwamba video "inatikisika". Nimeiangalia mara tatu, haitikisiki, inayumba. Chombo huyumba kwa upepo, polepole, upande huu na upande ule, na upeo wa bahari umelalia kushoto. Kutikisika ni kwa kushikwa na kusukwasukwa. Kutetemeka ni kwa haraka na kwa udogo, kama unavyoona rafadha moja, yale mapanga yanayozunguka kuipaisha droni, ikiwa imepata ufa na picha nzima ikacheza kama jeli. Ugonjwa si mmoja. Upeo uliolala unaunyoosha kwa kuzungusha picha kidogo. Kuyumba unakutuliza kwa programu, na programu hutuliza kwa kula kingo, ndiyo maana ni heri urekodi picha kubwa ya nukta 3840 kwa 2160 kama utampa mteja ya 1920 kwa 1080. Kutetemeka kukishaingia kwenye picha, kukutoa ni taabu. Dawa yake ni kubadilisha rafadha kabla ya kurusha. Kutuliza, basi, ni neno zuri: mtoto hutulizwa, bahari hutulia, na video pia.

Sehemu ya mwisho, ile ya magharibi wageni wakicheza, ina chembechembe zinazorukaruka kwenye giza. Watu wa televisheni za antena wanazijua: hizo ni chenga. Mchele ukivunjika una chenga, na televisheni upepo ukigeuza antena ilionyesha chenga tupu. Punguza chenga, usizimalize, maana ukizimaliza nyuso zinakuwa za plastiki. Siku hizi nasikia pia "kunoa picha". Hilo silipendi. Visu hunolewa, na bongo tumekubali inolewe, ila picha sijaona makali yake. Sema umeondoa ukungu, au picha imekuwa ang'avu.

Kuhusu chombo chenyewe: droni inatosha. Droni hii, droni hizi, katika ngeli ya ndege na kalamu. Madroni waachie wanaoyalalamikia. Ndege nyuki limesambaa Tanzania, na nalipenda kwa mlio wake, maana kweli linavuma kama mzinga uliochokozwa. Kwa Kiingereza neno drone ni la nyuki dume, basi aliyeliunda hakuwa mbali. Ndege isiyo na rubani ni refu, tena linakusahau wewe. Rubani lilianzia baharini, kwa aliyekiongoza chombo kupita miambani, na wewe ndiye uliyesimama mchangani na rimoti ukifanya kazi hiyohiyo. Jihadhari na kurusha tu. Ukimwambia mzee "video nimeirusha" anaweza kuelewa iko hewani kwenye televisheni. Unarusha droni, video unaipiga.

Ningekuwa wewe, siku ile ningemwandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Nahariri video ya droni. Bahari imepauka kwa sababu ya jua la mchana, naikoleza rangi. Ilipoyumba kwa upepo nimeituliza. Hema ya wageni upande wa kulia imeungua na mwanga, hapo naomba radhi, sitaweza kuirudisha, lakini nyuso zote zinaonekana vizuri. Ijumaa baada ya swala nitakuja nayo."