Mhina wenye miiba: ni wenyewe au mwingine?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naishi karibu na Garsen na kazi yangu ni kuwapaka maharusi hina. Ukingoni mwa mto Tana, penye mikoma, kuna kichaka chenye maua madogo yanayonukia sana na majani kama ya mhina wa uani kwa mama, ila kina miiba. Jirani yangu asema huo ni mhina mwitu, rangi yake haikolei na pengine una sumu. Ni kweli? Na nikitaka kuupanda nyumbani, niung'oe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiung'oe.

Jirani amefanya vyema kutahadhari, lakini miiba peke yake haitoshi kuukataa mhina. Mwiba wake ni ncha ya kitawi cha pembeni iliyokomaa ikawa ngumu na kali. Mti mchanga hauna. Mhina wa uani hukatwa kila mara kwa ajili ya majani, kwa hiyo daima una machipukizi mapya. Ule wa mtoni hauguswi, unazeeka na silaha zake. Hata Carl Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753 aliandika aina mbili, moja ya miiba na moja isiyo na miiba. Waliomfuata wakaziunganisha. Leo ni aina moja tu, Lawsonia inermis.

Kwa hiyo tazama ua. La mhina lina petali nne zilizokunjamana kama kitambaa kilichotolewa mfukoni, na stameni (vijiti vya chavua) nane zinazosimama mbilimbili kati ya petali. Rangi ni nyeupe ya maziwa, mara nyingine yenye wekundu. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana, na vitawi vichanga vina pembe nne. Vizungushe kwa vidole utazihisi. Kitunda ni cha mviringo, hakizidi milimita 8, kimejaa mbegu ndogondogo zenye pembe. Kikombe cha ua hakidondoki, hubaki na tunda. Hilo utaliona pia kwenye mkomamanga, na kwenye mlilana, ule mkoko unaosimama mbele kabisa baharini. Wote watatu ni familia moja, jambo ambalo hunifurahisha kila ninapopita mikokoni.

Pale ulipoukuta ndipo kwao hasa. Mhina mwitu hupenda mahali maji yanapokuja na kuondoka: kingo za mito, mabonde ya mafuriko, makorongo yanayotiririka msimu mmoja tu. Nimeuona kando ya Galana, ndani ya Tsavo Mashariki, umechanganyika na miswaki, na hatua chache kutoka mtoni ni vumbi tupu. Mafuriko unayavumilia, na kiangazi kikizidi hupukutisha majani ungoje mvua. Watu wa Oman, India na Moroko huulima mashambani. Wewe unao porini, na ningependa kingo za Tana zibaki nao. Ndiyo maana nasema usiung'oe.

Kuhusu kukolea, ponda majani machache, tia maji ya ndimu, acha saa kadhaa kisha ujipake wewe kwanza, pahali padogo. Ikitoka rangi ya chungwa inayozidi kuiva siku ya pili, umepata hina. Usianze na bibi harusi. Na watoto wachanga wasipakwe kabisa, hata hina safi: wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwao hina huvunja chembe nyekundu za damu. Kwa watu wazima mimi naihofia zaidi piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, kwani kemikali yake ya kutia nywele weusi huweza kuibabua ngozi na kuacha makovu.

Kupanda ni rahisi. Mvua zikianza, kata tawi lililokomaa, unene wa penseli, ulichomeke kwenye udongo wenye unyevu penye kivuli chepesi. Likishachipua vizuri lihamishie juani, maana mhina hauna raha kivulini. Ukipenda mbegu, ziloweke siku kadhaa ukibadilisha maji, kisha usiache kitalu kikauke. Chukua matawi kutoka vichaka viwili vitatu, si kimoja, na uache yenye vitunda yamwage mbegu zake palepale mtoni.