Mota ya Hz 50 kuizungusha kwa Hz 60: pampu itakubali?

Swali: Salaam, fundi. Niko Bahati, Nakuru. Nina pampu ya impela (gurudumu la mapanga linalosukuma maji) inayovuta maji kutoka tangi la chini. Kibao cha mota kinasema fezi tatu, 5.5 kW, volti 415, Hz 50, ampea 11, mizunguko 1440 kwa dakika. Naiendesha kwa VFD (kifaa kinachobadilisha kasi ya mota kwa kubadilisha Hz), na kwa Hz 50 skrini inasoma ampea 8.3 na kilowati 4.2. Kwa kuwa mota bado ina nafasi, naweza kuipandisha hadi Hz 60 nipate maji zaidi kwa asilimia 20?

Jibu: Hz 60, hapana. Hz 55 inawezekana, ila kuna mambo ya kukagua kwanza.

Nafasi unayoiona kwenye ampea huisha haraka kuliko unavyodhani. Kasi ya impela ikipanda, maji huongezeka kwa kiasi kilekile, presha hupanda kwa kipeo cha pili, na nguvu inayohitajika kwa kipeo cha tatu. Kutoka Hz 50 hadi 60 ni mara 1.2, na 1.2 × 1.2 × 1.2 ni 1.73. Zile kilowati 4.2 zinakuwa 7.3. Mota ya 5.5 kW iliyobeba mzigo wake wote huvuta takriban kilowati 6.3 za umeme, maana ile 5.5 ni ya kwenye shafti na nyingine hupotea kama joto. Kwa Hz 55 utavuta kama 5.6, na hapo mota inahimili. Kama unapandisha maji mlimani, tarajia zaidi kidogo ya hesabu hii.

Mota yenyewe nayo haikusaidii huko juu. Chini ya Hz 50, VFD hupandisha volti na Hz pamoja, volti 8.3 kwa kila Hz. Ikifika 50 imeshamaliza 415 zinazoingia kwenye laini, haina nyingine ya kutoa. Hz zikiendelea kupanda, nguvu ya sumaku ndani ya mota hulegea. Kwa Hz 60, torki (nguvu ya kuzungusha) ya kawaida hubaki asilimia 83, na ile ya kilele, inayoiokoa mota isikwame mzigo ukizidi ghafla, hushuka hadi 69 hivi. Wakati huohuo pampu inadai torki zaidi kwa asilimia 44.

Sasa mipangilio, na hapa ndipo wengi huharibu. Masafa (Hz) ya msingi kwenye VFD yabaki 50, volti 415. Unachobadilisha ni masafa ya juu kabisa tu, yawe 55. Ukiweka msingi 60, VFD itatandaza volti 415 hadi huko, na mota ikiwa Hz 50 itapata volti 346 tu. Itavuta ampea nyingi na kuchemka hata pale ilipokuwa ikifanya kazi vizuri. Kinga ya mzigo iwe ampea 11, usiiongeze.

Kuhusu mwinuko: Nakuru iko karibu mita 1,850, na vifaa vingi hupimwa kwa mwinuko usiozidi 1,000. Watengenezaji wengi wa VFD huagiza upunguze asilimia 1 ya ampea kwa kila mita 100 za ziada, hivyo VFD ya ampea 13 ihesabu kuwa ya 12. Mota husaidiwa na baridi yenu. Kisumu jambo hili halisumbui sana.

Kagua bomba pia. Funga vali ya kutolea kwa sekunde chache usome geji. Ikiwa sasa ni bar 5, kwa Hz 55 itapita 6, na bomba la PVC la bar 6 linaweza kupasukia kwenye maungio. Hakikisha vilevile kwamba mtengenezaji wa pampu anaruhusu mizunguko kama 1,590.

Yote yakiwa sawa, panda Hz 1 kwa wakati, ukisoma ampea kila hatua na kushika beringi usikie mtetemo. Ukifika 55 iache nusu saa. Pampu ikianza kulia kama imemeza kokoto, upande wa kunyonya umeshindwa: shusha Hz hadi mlio uishe, kisha safisha chujio au weka bomba pana zaidi la kunyonya.